Fungu la Meli

Tsotsoo Adjetey hakuumbwa kukaa nyuma ya kioo cha benki. Nasema hivi kwa mapenzi, maana nimemwona kwa macho yangu akijaribu. Siku moja nilikwenda kuweka hela pale tawini kwao, nikamkuta ndani ya blauzi ya kijani ya benki, kifungo cha juu kimefungwa mpaka shingo inaomba msamaha. Mbele yake mzee mmoja alikuwa anaeleza kwamba saini yake imebadilika kwa sababu mkono wenyewe ameulalia. Mfanyakazi mwingine angekunja uso. Tsotsoo alianza kutetemeka mabega, akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, na huko chini ikatoka sauti kama ya bata aliyekanyagwa. Ndicho kicheko chake. Mzee akacheka, foleni nzima ikacheka, na meneja, ambaye ni mzee wa kanisa lao, akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Sisi wakati huo tulikuwa wawili tu, mimi Kpakpo na rafiki yangu Edem, katika chumba kimoja hapa Teshie, mji wetu wa wavuvi, juu ya karakana ya majeneza. Chini mafundi wanachonga majeneza ya umbo la samaki, la chupa ya bia, na kuna mwezi walichonga kiatu. Juu sisi tunatengeneza mchezo wa kompyuta wa meli za zamani, zile za matanga na mizinga. Tumeuita Baruti na Matanga. Wachezaji wanajikusanya kutoka popote walipo, wanaunda kundi la mabaharia, wanapewa meli, wanakwenda kupigana na kuteka. Edem anaandika programu. Mimi nachora matanga, milingoti na mawimbi. Mawimbi yale nimeyatolea jasho, na mpaka leo sijasikia mchezaji hata mmoja akiyasifu. Wote macho kwenye riale.

Riale ndiyo sarafu ya mchezo wetu, na ndiyo iliyomleta Tsotsoo. Aliujaribu mchezo jioni moja akitoka benki, kisha akatutumia ujumbe wa sauti. Mwanzoni tulidhani simu imeharibika, kumbe anacheka. Baadaye akapata pumzi. "Jamani," akasema, "hivi nyie mmewahi kushika hela? Kwenu pipa la baruti lina bei kuliko meli! Mimi nimeuza meli nikanunua pipa. Sasa hivi ninavyoongea nimekaa juu ya pipa katikati ya bahari."

Edem aliusikiliza ujumbe ule akiwa ameshika kichwa. Mimi nikamwambia, "Chale, rafiki yangu, huyu tusipomchukua sisi, atachukuliwa na wenye akili." Tukampa kazi ya kusawazisha fedha za mchezo: nini kiuzwe bei gani, riale ziingie wapi, zitokee wapi, na ngawira igawanywe vipi watu wasichinjane. Mshahara tuliomtajia ungemfanya mtu mwingine alie. Yeye alicheka, akaja.

Mama yake ndiye aliyelia. Awo Dei, yaani Mama Dei kwa lugha yetu, anamiliki mtumbwi wa kuvulia, anauza samaki wa kukaushwa kwa moshi, na ana ulimi ambao soko zima la Teshie linauheshimu. Alipanda ngazi zetu na beseni kichwani, akalitua juu ya meza yangu, juu ya michoro yangu, akamgeukia Edem.

"Wewe mwanangu si mtu wa Keta? Huko kwenu huna mama?"

"Ninaye, Awo."

"Anajua unachofanya hapa?"

"Anadhani natengeneza kompyuta, Awo."

"Umeona! Wa kwako umemdanganya, analala usingizi. Wangu mimi ameniambia ukweli. Ati mtoto niliyemsomesha uhasibu anawagawia hela zisizokuwepo watu asiowajua. Sokoni nikaseme nini?"

"Sema ni mhasibu wa meli, Awo," Tsotsoo akadakia.

"Meli gani? Iko wapi nipande?"

Lakini Awo Dei si mtu wa kelele tupu. Alikuwa ameshakwenda kumwona meneja. Meneja alikubali kumshikia Tsotsoo nafasi yake mpaka Jumatatu moja tu, ile iliyofuata wiki ya majaribio yetu. Kampuni moja ya Johannesburg ilikuwa imetuahidi hela kwa sharti kwamba tufungue mchezo kwa umma kuanzia katikati ya wiki hadi Jumapili, na Jumapili wachezaji wawe bado wamo. Wakibaki, tunatia saini. Wakikimbia, chumba tunakirudisha kwa mwenye nyumba, na Tsotsoo anarudi kwenye kioo.

"Nikishindwa nitakwenda mwenyewe, Awo," alimwambia mama yake. "Wala hutanisukuma."

Mama alipoondoka, akanigeukia mimi, na mara hiyo hakuwa anacheka. "Kpakpo, kule nitakufa na kicheko tumboni. Sitaki kurudi." Nilitaka kumfariji, lakini mimi maneno ya faraja huwa yananitoka kama karipio. Nikamwambia arekebishe ngawira basi, badala ya kuniangalia.

Maana ngawira ndiyo ilikuwa jipu letu. Mwanzoni sheria ilisema ngawira ni ya aliyepiga risasi ya mwisho. Matokeo yake, meli ya adui imezungukwa pande zote, mizinga imejaa, na hakuna anayepiga. Kila mtu anamngoja mwenzake aimalize kazi nusu ili yeye aibe ile risasi ya mwisho. Adui anapita katikati yao taratibu, anapunga mkono, anakwenda zake.

Tsotsoo akabadilisha: wote wagawane sawa kwa sawa. Aisee! Watu wakajiandikisha ubaharia, wakapanda kwenye vitanda vya kamba, wakalala. Meli ina watu thelathini, anayefanya kazi ni nahodha na kasuku.

Akabadilisha tena: kila mtu apate kadiri ya mizinga aliyopiga. Hapo ndipo nilipocheka mpaka nikatoka machozi. Wote walikimbilia mizinga. Mpishi kaacha chungu, tabibu kaacha majeruhi, na mshika usukani kaacha usukani, yuko kule anapiga mzinga. Meli ikasafiri peke yake, imejaa mashujaa, ikapanda mwamba kwa kasi yote. Walivyokuwa wanazama bado walikuwa wanapiga.

Basi Tsotsoo akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa pwani yetu angelifanya bila kulifikiria. Akagawa kwa mafungu, kama wanavyogawana wavuvi wetu. Mtumbwi ukirudi, samaki wanauzwa, gharama za mafuta na chakula zinatolewa kwanza, kinachobaki kinakatwa mafungu. Kila baharia ana lake, dogo kwa kubwa kulingana na kazi yake. Nyavu zina fungu. Injini ina fungu. Na mtumbwi wenyewe una fungu, tena nono. Kwetu mtumbwi unakula. Tsotsoo alikulia kwenye hesabu hiyo kama wengine wanavyokulia kwenye nyimbo za kubembelezwa.

Kwa hiyo mpishi akapata fungu la upishi, tabibu la utabibu, wa usukani la usukani, na meli akaipa fungu lake. Kompyuta ilikuwa haimpi fungu mtu asiye baharia, basi akaiandikisha meli kuwa baharia: jina, kitanda, mkoba wa riale. Edem wa Keta akaangalia, akaitikia kwa kichwa. Mimi wa Teshie nikaangalia, nikaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza fungu la meli linachukuliwa na nani. Kwetu swali hilo halipo, mtumbwi una mwenyewe. Muulize Awo Dei fungu la mtumbwi limekwenda wapi, atakuonyesha kamba mpya, mbao mpya, na sufuria aliyowapikia mabaharia wake msimu ambao samaki walikataa. Lakini meli za mchezo wetu hazikuwa na mwenyewe. Zilikuwa za wote, na hilo tulilipanga sisi wenyewe, kwa kujivuna.

Tulifungua mchezo Jumatano. Watu wa Johannesburg walipendekeza Jumanne, lakini Jumanne hapa ni mwiko, hakuna anayeingia baharini, na Edem, anayejidai hana mambo hayo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema tungoje.

Ilikuwa raha! Wachezaji walimiminika. Waliteka, wakagawana, na hawakugombana. Wapishi walipika, wa usukani walishika usukani. Bei ya pipa la baruti, ambayo Tsotsoo alikuwa anaiangalia kama mama anavyopima homa ya mtoto, ilitulia vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya riale ilikuwa inaingia kwenye mikoba ya meli na haitoki. Alicheza dansi ya kwaito katikati ya chumba mpaka mafundi wa chini wakagonga dari kwa nyundo. Akawagongea na yeye kwa kisigino.

Ijumaa mchana simu ikalia. Alikuwa nahodha mmoja, bwana Boakye wa Kumasi, muuza vipuri vya magari, mtu ambaye bahari ameiona kwenye kalenda tu. Ana sauti nzito ya barazani.

"Ofisi, habari za kazi. Mimi ni nahodha wa meli Waache Waseme. Nina malalamiko."

"Karibu, nahodha. Dhidi ya nani?" Tsotsoo akauliza.

"Dhidi ya meli."

"Meli ya nani?"

"Yangu mwenyewe! Imekuwa mweka hazina, dada yangu. Tumeiomba baruti, haijibu. Tumeiomba nyama ya chumvi, haijibu. Mpishi wangu imebidi apige magoti."

Mimi nikaingilia. "Nahodha, mbona kwenye mchezo hakuna kupiga magoti? Mimi ndiye ninayechora."

"Amepiga nyumbani kwake," Boakye akasema kwa uchungu. "Mkewe amemwona."

Tsotsoo alikuwa ameanza kile kicheko chake. Katikati kikakatika. Akaivuta kompyuta, akafungua orodha, na uso ukambadilika. Zamani, kabla ya majaribio, alikuwa ameweka sheria kwamba katika kila kundi baharia tajiri kuliko wote ndiye anayekuwa mweka hazina, na bila mweka hazina kubonyeza "naam" hakuna kinachonunuliwa. Alifikiri mwenye nyingi ndiye mwangalifu. Sasa meli zilikuwa zimekula mafungu yao siku zote hizo bila kunywa, bila kucheza kamari, bila kununua hata kofia. Zote zilikuwa tajiri. Zote zilikuwa waweka hazina. Na meli haina kidole cha kubonyezea.

Bandari zetu zote zilijaa meli zilizosimama bila baruti. Wachezaji wakaanza kutoka, mmojammoja kisha kwa makundi.

"Nimejirudisha benki mwenyewe," Tsotsoo akasema.

"Toa meli kwenye orodha," Edem akasema. "Futa. Tunazima, tunawasha, basi."

"Na riale zao?"

"Wagawie watu."

"Nikizimwaga zote sokoni leo, jioni pipa la baruti litakuwa na bei ya meli, tutakuwa tumerudi kwa yule mjinga aliyekaa juu ya pipa, na mjinga mwenyewe ni mimi. Nikizifuta, watatuchoma moto. Ni ngawira yao, wameitolea jasho. Niachie nifikiri mpaka Jumapili mchana."

Edem alikubali, si kwa kuridhika, ila kwa kukosa lingine. Na wakati sisi tunafikiri, Boakye alifikiri kabla yetu. Jumamosi akaishtaki meli.

Mchezo wetu una baraza la sitahani, tuliloliweka kwa ajili ya wezi wadogowadogo. Baharia yeyote anaweza kushtakiwa mbele ya wenzake, wanapiga kura, akipatikana na hatia anatozwa faini isiyozidi sehemu fulani ya mkoba wake. Faini inaingia kwenye sanduku la mahitaji, ambalo mpishi anaweza kununulia baruti na chakula bila kumwomba mtu. Meli ilikuwa baharia kwa mujibu wa orodha yetu sisi wenyewe. Basi ikasomewa mashtaka: uchoyo, uvivu, na kuvuja makusudi.

Ikahukumiwa. Faini ikatoka. Waache Waseme wakanunua baruti, wakatweka matanga, na habari zikasambaa bandari nzima. Kufika jioni kila kundi lilikuwa linashtaki meli yake. Waliokuwa wameondoka wakarudi kuja kutazama kesi. Kuna meli ilishtakiwa kwa kukoroma. Kuna moja ilishtakiwa kwa kumpenda nahodha wa meli nyingine. Na bei ya baruti, Tsotsoo aliniita nije nione, ilikuwa imekaa palepale, kwa sababu faini zilikuwa zinatoka kidogokidogo.

"Chale, wananisawazishia wao!" akapiga kelele. "Wananifanyia kazi na wanacheka!"

Edem ndiye ambaye hakucheka. Jumapili alasiri mama mwenye uamuzi katika ile kampuni ya Johannesburg, Zodwa Mabuza, angeingia kukagua. "Madam akute watu wazima wanazishtaki mbao?" Edem akasema. "Kabla hajaingia, toa meli kwenye orodha. Tafadhali, dada yangu. Nakuomba."

Jumapili mchana, saa ya kuzifuta ilipofika, Tsotsoo alikuwa na kila kitu tayari, kidole kiko juu ya kitufe. Mimi nilikuwa natazama kundi la Waache Waseme, na nikaona mpishi mpya. Jina lake: Zodwa M.

"Subiri!" nikapiga kelele. "Yumo!"

Alikuwa ameingia mapema, bila kutuarifu, kama mwenye duka anayejifanya mteja. Tukizima, tunamtupa nje yeye pamoja na wengine wote. Kidole cha Tsotsoo kikabaki hewani. Kutoka kwenye spika tukasikia sauti ya Boakye: "Mpishi mpya, karibu chomboni. Chungu kiko kule. Kaa kimya, kesi inaendelea."

Hiyo ilikuwa kesi ya pili ya meli ile, na safari hii meli ilikuwa na wakili. Alikuwa seremala wao, Araba, mshona nguo wa Sekondi mwenye sauti ndogo na moyo wa simba.

"Mshtakiwa hafanyi kazi," Boakye alikuwa ananguruma. "Anaelea mchana kutwa. Hapigi mzinga, hapandi mlingoti, hapiki. Ila kwenye kugawana, wa kwanza!"

"Nahodha, kwa heshima zako zote," Araba akasema. "Jana maharamia walipotushambulia, wewe ulikuwa wapi?"

"Nahodha hukaa mahali pa usalama ili atoe amri."

"Ulikuwa chini ya magunia ya viazi. Nilikupita nikienda kuziba matundu. Na matundu yote nimeyaziba mimi. Huyu mwenzetu alitobolewa kila upande, hakupiga hata ukelele. Kuna mwingine humu aliyetobolewa?"

"Mimi nimetobolewa mfukoni!" mtu akadakia, na sitaha nzima ikalipuka kwa vicheko.

"Cheka tu," Araba akasema. "Siku akichoka yeye, wewe utaogelea na mifuko yako."

Wakapiga kura. Zikafungana, nusu kwa nusu. Wakaanza kupigiana kelele, na hapo mpishi mpya akazungumza kwa mara ya kwanza. Edem akaziba uso kwa viganja.

"Samahanini wenyeji, mimi mgeni. Mshtakiwa mmewahi kumuuliza yeye anasemaje?"

"Unamaanisha meli, dada?" Boakye akauliza.

"Ndiyo, meli. Si yuko kwenye orodha? Ana kura pia. Kwetu mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa."

"Anayo haki," Araba akasema haraka.

Boakye akakohoa, maana mtu wa Kumasi huwezi kumshinda kwa taratibu za baraza. "Mshtakiwa. Waache Waseme. Baraza linakuuliza: una hatia au huna?"

Wakangoja. Nasi tukangoja, wajinga sisi, kama vile kuna mtu angejibu. Kisha nikamwona Tsotsoo anavuta kibodi. Kompyuta ya Edem ina ufunguo wa kuingilia kwa jina la baharia yeyote.

"Usithubutu," Edem akanong'ona.

"Ameulizwa," Tsotsoo akasema. "Mtu akiulizwa anajibu."

Jina la meli likawaka kwenye skrini, jina ambalo halikuwahi kuwaka tangu mchezo uanze. Kwenye spika ukasikika mshtuko wa watu wote kwa pamoja. Tsotsoo akaandika, machozi yanamtoka na sikuweza kujua kama anacheka au analia.

"Nina hatia," meli ikasema.

Ukelele! Boakye alikuwa anaita jina la Mungu kwa Kitwi, lugha ya kwao. Tsotsoo akaandika mstari wa pili.

"Lakini sijala hata riale moja. Nilikuwa nawawekea."

Nyundo za chini zilikuwa zimenyamaza, maana mafundi walikuwa wamepanda ngazi na wamesimama mlangoni wakitazama. Halafu tukasikia mtu anavuta kamasi, na alikuwa Boakye.

"Mheshimiwa meli," akasema. "Tusamehe. Hatukujua."

"Mimi nilijua!" Araba akalia. "Niliwaambia!"

Meli ikabonyeza naam. Baruti, naam. Nyama ya chumvi, naam. Mtu akajaribu bahati yake, akaomba bendera ya hariri kwa ajili ya nahodha, na meli ikaandika: "Hariri hapana, mwanangu. Paa linavuja." Vicheko vikapasua spika. Mara mabaharia wa meli jirani wakapata habari, wakaanza kuziita za kwao: na wewe sema! Mbona wewe kwetu husemi! Tsotsoo akawa anaruka kutoka meli hadi meli, huku naam, kule hapana, jicho moja kwenye bei ya baruti, akitoa kadiri soko linavyoweza kumeza. Meli moja ilikuwa kali, nyingine yenye mzaha, nyingine ilijibu kama Awo Dei mtupu. Edem alikuwa anamsomea majina ya meli zinazoita. Mimi nilikuwa namnywesha maji.

Simu ya Johannesburg ikaja katikati ya vurugu hilo. Edem akaiweka mezani ili tusikie sote.

"Nani alisema kwa jina la meli?" Zodwa Mabuza akauliza.

Edem alifungua kinywa. Tsotsoo akamwahi.

"Mimi, Madam."

"Mlipanga hivyo tangu mwanzo? Meli kuwa baharia?"

Angeweza kusema ndiyo. Edem alikuwa anamkodolea macho aseme ndiyo.

"Hapana, Madam. Nilikosea. Kwetu mtumbwi una fungu, nikaipa meli fungu, nikasahau kwamba huku haina mwenyewe wa kulitoa. Nilikuwa nataka kuifuta leo mchana. Tulikuta wewe mwenyewe umeshaingia."

Yule mama akaanza kucheka, kicheko kizito cha mtu ambaye siku nzima amekizuia. "Mimi nimefika leo, sijui hata kuwasha moto wao, na nimepewa fungu zima la mpishi. Unajua nimejisikiaje? Wachezaji wameondoka wangapi?"

"Wamerudi, Madam," Edem akasema, anatazama skrini kama haamini. "Wamezidi."

"Basi kesho tunatia saini. Meli msiifute. Na huyo dada asiache kusema. Mtafutieni wenzake, hataziweza zote peke yake." Akakata simu, maana, alisema, kuna watu chomboni wanangoja chakula.

Edem alimbeba Tsotsoo akamzungusha chumba kizima. Niliwaambia wataangusha kompyuta. Hawakunisikiliza, nami sikuwa nasema kwa dhati.

Jumatatu asubuhi Awo Dei alipanda ngazi amevaa kitenge cha kanisani.

"Haya, mwanangu. Inuka twende, meneja anangoja."

"Awo, siendi. Nimepata kazi."

"Kazi gani?"

Tsotsoo alivuta pumzi. "Mimi ni meli, Awo."

Awo Dei akanitazama mimi, akamtazama Edem, kutuuliza ni nani kati yetu aliyemharibu. Akavuta kiti, akaketi.

"Meli."

"Ndiyo. Wanaponiomba baruti nawapa. Wakiomba upuuzi nawanyima. Natunza hela yao mpaka siku ya shida."

"Na wakigawana, meli inapata fungu?"

"Inapata, Awo. Kabla ya nahodha."

Niliona uso wa mama yule ukibadilika taratibu. Meli asizoweza kuzipanda zilikuwa hazimwingii akilini, lakini hili alilijua tangu ujana wake. Alilipia kila ubao wa mtumbwi wake, na alishawahi kuuza hereni zake kuulisha. Akatoa simu kwenye mkoba.

"Mzee, Bwana asifiwe," akasema. "Yule binti haji. Nafasi yake mpe mwingine... Hapana, haumwi. Amekuwa meli." Akasikiliza kidogo, akanyoosha mgongo. "Ndiyo, mzee. Analo fungu lake."